Shokapu za Pikipiki kwa Barabara za Mwanza: Msuguano, Oili, Springi na Vali

Ukitoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba na gunia la dagaa kwenye keria, unaanza na lami yenye matuta, unapanda mlimani kwa barabara ya mawe yaliyopangwa ambayo haiachi kutikisa, kisha unamalizia kwenye kichochoro cha changarawe kilichochimbwa na maji ya mvua. Shokapu moja inatakiwa kuhimili yote hayo. Pikipiki za cc 100 hadi 150 tunazozifahamu, Boxer, TVS na za Kichina, zina shokapu zinazoweza kazi hiyo, mradi ziwe na oili sahihi na zirekebishwe kwa mzigo zinaobeba kweli. Nyingi zilizoko barabarani haziwezi tena, na mara nyingi ni kwa sababu zimefanywa ngumu kwa makusudi.

Mazoea yanajulikana. Shokapu ikianza kugonga mwisho, ya mbele inajazwa oili ya injini, springi ya nyuma inachomekwa vipande vya mpira, na ngazi ya kukaza inapelekwa ya mwisho. Kugonga kunakoma kweli. Lakini nguvu ya shimo haijaenda popote: imehamia kwenye spoku, kwenye fremu chini ya keria, kwenye beringi za usukani na kwenye kiuno cha dereva. Tena tairi lisiloweza kupanda na kushuka kwa haraka huruka juu ya mawe, na tairi lililo hewani halina breki wala halishiki kona. Kwa hiyo kazi ya shokapu ifanyike kwa mpangilio: ondoa msuguano kwanza, weka oili sahihi, pima pikipiki inazama kiasi gani, chagua springi, na vali, yaani njia za oili ndani ya shokapu, iguswe mwisho kabisa. Anayeruka hatua hujikuta anatibu kitu ambacho hakikuwa kinaumwa.

Springi inabeba, oili inatuliza

Springi kazi yake ni kubeba uzito na kurudisha gurudumu chini. Oili ndiyo inayoamua mwendo huo uwe wa kasi gani. Bila oili, pikipiki hupanda na kushuka mara tatu au nne baada ya kila tuta.

Ndani ya shokapu ya mbele ya pikipiki nyingi ndogo kuna fimbo yenye matundu, na oili hulazimishwa kupita humo. Tundu lina tabia moja ya kuielewa kabla hujatumia hata shilingi: kasi ya mwendo ikiongezeka mara mbili, upinzani wa oili huongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana pikipiki hiyo hiyo huinama sana unapofunga breki, kwa sababu mwendo wa shokapu ni wa polepole na tundu halizuii kitu, halafu ikikutana na jiwe lenye ncha inakuwa kama chuma kitupu, kwa sababu mwendo ni wa ghafla na tundu limeziba njia. Dereva analalamika kwamba mbele ni laini mno na pia ni ngumu mno, na fundi anadhani amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Anaeleza tabia ya tundu.

Kabla ya kufungua nati yoyote

Anza na upepo wa matairi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii mbele ni psi 25, nyuma psi 28 ukiwa peke yako na psi 32 ukiwa na abiria. Tairi la nyuma lililojazwa hadi psi 45 ili libebe mzigo huharibu kazi yote utakayoifanya kwenye shokapu, maana tairi lenyewe ndilo shokapu ya kwanza.

Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe hewani. Shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na kusukuma. Ukisikia mchezo mdogo, beringi za usukani zimelegea. Geuza usukani taratibu: ukinasa katikati, beringi zimechimba nyumba na ni za kubadilisha. Nyuma, shika swingi amu, ule mkono unaoshika gurudumu, na kuitikisa kwenda kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zimekwisha, na pikipiki itayumba hata ukifunga shokapu ya bei gani.

Jaribio la mwisho ni la mikono. Kaa pembeni, kandamiza siti kwa nguvu na uachie. Nyuma ipande, ipite kidogo usawa wake, itulie. Ikipanda na kushuka mara mbili au zaidi, oili ya ndani haifanyi kazi tena. Mbele, funga breki na usukume usukani chini mara tatu. Mwendo uwe mlaini kuanzia mwanzo. Ukikwama kisha ukaachia ghafla, kuna msuguano: paipu imepinda, ekseli imefungwa vibaya, au miguu miwili haiko sambamba.

Kufungua na kufunga shokapu za mbele

Weka gogo au jeki chini ya injini. Toa waya wa breki na wa spidomita, gurudumu, kisha madigadi. Kabla ya kuchomoa miguu kwenye sahani za usukani, legeza bolti za juu, zile zinazofunika miguu, kidogo tu, kwa kuwa mguu ukishatoka hakuna cha kuushikilia. Vivyo hivyo bolti ya elenki iliyoko chini kabisa ya kila mguu: ilegeze wakati springi bado imo ndani. Msukumo wa springi ndio unaoizuia fimbo ya ndani isizunguke. Ukishatoa springi, bolti na fimbo huzunguka pamoja, na ndipo mafundi wengi huishia kuipiga patasi.

Ukifungua kifuniko cha juu, kikandamize kwa kiganja huku ukigeuza mzunguko wa mwisho, kwa sababu springi inasukuma. Angalia springi imeelekea wapi. Zenye mizunguko iliyobanana upande mmoja zirudi vilevile. Mwaga oili, kisha panda-shusha mguu mara kumi hadi ishuke yote. Rangi ya oili ina habari: kijivu chenye kung'aa ni alumini inayolika, nyeupe kama maziwa ni maji, na nyeusi yenye harufu ya kuungua imekaa miaka. Kwa pikipiki zinazooshwa ndani ya ziwa, gurudumu zima likiwa majini, maji ndani ya shokapu ni jambo la kila siku.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, si petroli, na ukaushe kabisa. Paipu ya kromu iviringishe juu ya kioo kinene kilicholala sawa na uangalie mwanga kati yake na kioo. Kwa kipimo chenye uso kama wa saa (daili geji), mpindo unaozidi milimita 0.2 si wa kuvumilia. Pita na ukucha sehemu ambayo sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, husugua. Kovu dogo lenye ncha lisuguliwe kwa msasa namba 1000 uliolowa oili, ukienda kwa kuzunguka paipu, si kwa urefu wake. Shimo la kutu lililokwisha kula kromu halitibiki kwa msasa. Litakata kila sili mpya utakayoweka, ndani ya wiki chache. Kuna wanaolijaza gundi ya chuma na kulisugua. Likiwa juu kabisa, mahali sili haifiki, sawa. Likiwa kwenye njia ya sili, nunua paipu.

Sili ya zamani itolewe baada ya klipu yake, kwa kuibenua kwa bisibisi pana iliyofunikwa kitambaa. Mchubuko mmoja kwenye nyumba ya alumini ni mvujo wa kudumu. Ukienda dukani chukua ile ya zamani, au soma namba zilizochapwa juu yake: kipenyo cha ndani, cha nje, na kimo, kwa milimita. Tofauti ya nusu milimita haikubaliki, na usikubali kuambiwa itabana yenyewe.

Wakati wa kurudisha, fimbo inaingia kwenye paipu ikiwa na springi yake ndogo, paipu inaingia kwenye silinda ya chini, na bolti ya elenki inafungwa na washa mpya ya shaba na gundi kidogo ya nyuzi. Washa ya zamani imeshakandamizwa; ukiirudia, oili itadondoka chini ya mguu na utadhani ni sili. Vika mfuko laini wa nailoni uliopakwa oili kwenye mdomo wa paipu ndipo uteremshe sili, upande wenye namba ukiwa juu. Igonge ndani kwa kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo kinacholingana na sili, taratibu, hadi mfereji wa klipu uonekane wote. Kuipiga kwa nyundo na bisibisi upande huu na upande ule huipinda, na sili iliyopinda huvuja siku ya kwanza.

Miguu ikirudi kwenye pikipiki, usikaze kila kitu papo hapo. Weka ekseli na gurudumu, kaza nati ya ekseli, kisha bolti za sahani zikiwa zimelegea kidogo kandamiza mbele mara tano au sita ili miguu ijipange yenyewe. Ndipo ukaze sahani ya chini, halafu ya juu. Hatua hii ya dakika mbili huleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani; mguu uliolazimishwa kukaa mshazari hubana muda wote, na hakuna oili itakayouponya.

Oili gani, kiasi gani

Hapa ndipo ulaini mwingi unapopatikana, na kwa gharama ndogo kuliko kitu kingine chochote.

Shokapu nyingi za mbele za pikipiki hizi zimeundwa kwa oili ya shokapu ya 10W. Tatizo ni kwamba namba za W kwenye oili ya shokapu hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, na chupa mbili za 10W zinaweza kutofautiana sana. Kipimo cha kuaminika ni uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka kwa sentistoki (cSt), kwenye nyuzi joto 40, unaoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Kwa oili za hydroliki kipimo hicho ndilo jina lenyewe: ISO 32 ina uzito wa karibu 32 kwenye nyuzi 40, ISO 46 karibu 46, ISO 68 karibu 68. Oili nyepesi ya giaboksi ya gari la otomatiki, ATF ya Dexron III, iko karibu na 35.

Oili ya injini ya 20W-50 iko karibu na 160. Yaani ni nzito mara nne hadi tano kuliko ile inayotakiwa. Ukiiweka, kushuka kunakuwa kugumu, lakini ubaya mkubwa uko kwenye kurudi: gurudumu likipigwa na jiwe la kwanza linapanda, na kabla halijashuka la pili limefika, kisha la tatu. Kwenye barabara ya mawe shokapu inazidi kujikunja yenyewe hadi inaishia chini kabisa, na huko chini ni ngumu kama haipo. Dereva anahisi ugumu, anaongeza oili nzito zaidi, na hali inazidi.

Kwa hiyo, kama oili ya shokapu ya 10W haipatikani, ATF au hydroliki ISO 32 ni mbadala unaofaa kwa dereva wa uzito wa kawaida. Kwa pikipiki inayobeba abiria na mizigo kutwa nzima, ISO 46. Joto la Mwanza, hata kiangazi, halidai kuzidi hapo. Hydroliki hiyo ni ile ya mitambo na malori. Isichanganywe kamwe na mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, ambayo huvimbisha sili za mpira na kuzimaliza.

Kiasi kipimwe, si kukisiwa. Miguu ya pikipiki hizi huchukua takriban mililita 130 hadi 200 kila mmoja, na namba kamili iko kwenye kitabu cha modeli yako. Sindano kubwa ya duka la dawa, ya mililita 50, inapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Ukishamimina, panda-shusha paipu taratibu mara kumi hadi kumi na tano ili hewa itoke, subiri dakika kumi, kisha pima kwa njia ya pili iliyo sahihi zaidi: springi ikiwa nje na paipu imeshushwa hadi mwisho, pima kutoka mdomo wa paipu hadi uso wa oili. Miguu yote miwili ilingane, tofauti isizidi milimita 2. Kitabu kikikosekana, sentimita 15 hadi 17 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nafasi hiyo ya hewa ni springi ya pili. Mguu ukishuka, hewa hubanwa, na kadiri inavyokaribia mwisho ndivyo inavyosukuma zaidi. Kuongeza oili kidogo, mililita 5 kwa wakati, kunaimarisha theluthi ya mwisho ya mwendo bila kugusa ulaini wa mwanzo. Hii ndiyo dawa halali ya shokapu inayogonga mwisho. Funga kamba nyembamba ya plastiki au oringi kwenye paipu juu ya sili, endesha njia yako mbaya kuliko zote, halafu angalia imesukumwa hadi wapi. Ikibaki milimita 10 kabla ya mwisho, umepatia. Ikibaki 40, umezidisha, punguza. Ukijaza kupita kiasi hewa inakosa nafasi, na oili hutafuta njia kupitia sili.

Nyuma: pima inazama kiasi gani

Shokapu za nyuma za pikipiki hizi huja zikiwa zimefungwa moja kwa moja kiwandani. Hazifunguliwi. Kuna wanaozikata, kumimina oili na kuzichomelea, ila joto la kuchomelea huunguza sili ya ndani na vumbi la chuma hubaki humo. Hazidumu, na zikipasuka ukiwa kwenye mteremko ni hatari. Ya kubadilisha ni ya kubadilisha, na kila mara zote mbili kwa pamoja.

Lakini kabla ya kununua, pima. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati na gurudumu la nyuma hewani, pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoweka kwenye fremu juu yake. Tuseme ni milimita 400. Shusha pikipiki, apande dereva na abiria au mzigo unaobebwa kila siku. Mfuko wa saruji ni kipimo kizuri kwa kuwa kilo 50 zinajulikana. Kandamiza nyuma na uiachie ipande taratibu, pima: tuseme 362. Inyanyue na uiachie ishuke taratibu, pima tena: 370. Wastani ni 366, kwa hiyo imezama milimita 34. Tofauti ya 8 kati ya vipimo viwili ni msuguano. Ikizidi 10, rudi kwenye bushi na bolti, kuna kitu kinabana.

Gurudumu la nyuma lenye mwendo wa milimita 100 lizame karibu theluthi moja likiwa na mzigo wa kawaida, na dereva peke yake lisipungue 20. Pikipiki tupu nayo izame kidogo, angalau milimita 5. Ikisimama bila kuzama hata kidogo, springi imekazwa mno, na gurudumu litaangukia kila shimo badala ya kulifuata.

Ngazi za kukaza springi, kwa kawaida tano, hubadilisha kimo tu. Haziongezi ugumu wa springi, ingawa karibu kila mtu huamini hivyo. Ngazi ya kulia na ya kushoto ziwe sawa. Kama uko ngazi ya mwisho na bado inazama zaidi ya 40, ndipo unahitaji springi nyingine.

Unene wa waya ndio unaotawala. Ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne, hivyo kutoka waya wa milimita 7 hadi 7.5, mambo mengine yakibaki sawa, ni ongezeko la asilimia 32 hivi, na kufika 8 ni kama asilimia 70. Ukiwa dukani na springi mbili zinazofanana kwa macho, vernia itakuambia ukweli. Kupima ugumu wenyewe, simamisha springi juu ya sakafu na nondo ipite katikati yake isikimbie, weka ubao na mfuko wa saruji juu. Ikishuka milimita 25, ni ya kilo 2 kwa milimita.

Ongeza asilimia 15 hadi 20, usizidi. Springi ngumu zaidi husukuma zaidi wakati wa kurudi, na oili iliyofungwa kiwandani haikupangwa kuizuia. Ukivuka asilimia 30 nyuma itaanza kurusha abiria. Kukata mizunguko ya springi nako huongeza ugumu, lakini ncha inapoteza kikalio chake na huanza kula kikombe. Kupasha moto ili kuinyoosha au kuifupisha kunaua ugumu wa chuma. Itazama ndani ya siku chache. Vipande vya mpira katikati ya mizunguko huhamisha kazi yote kwa mizunguko iliyobaki, rangi inachubuka, kutu inaingia, na hapo ndipo springi hukatikia.

Ukinunua shokapu mpya, pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi la chini. Ndefu zaidi kwa milimita 10 inavumilika. Zaidi ya hapo mnyororo unasugua swingi amu, stendi haitoshi, na usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Kabla ya kuzifunga, zisimamishe kama zitakavyokaa na uzikandamize mara kadhaa. Hewa iliyohamia chini wakati zimelala dukani itarudi juu. Kandamizo likiwa na sehemu tupu isiyo na upinzani hata baada ya hapo, zirudishe.

Jambo moja kuhusu mzigo, kwa kuwa hakuna shokapu inayolifuta: gunia likikaa nyuma ya ekseli huinyanyua mbele. Lisogeze sentimita 20 kuelekea siti na utapata ulaini ambao ungelipia kwa springi.

Vali zenye visahani

Kwa wenye pikipiki za porini, kama zile za miradi na maofisa ugani wanaoelekea Kayenze au Ukerewe, mambo yanaweza kuwa tofauti. Baadhi zina shokapu moja ya nyuma yenye naitrojeni na vali ya visahani, na kama mwili wake una klipu au kifuniko cha nyuzi, pamoja na vali ya kujazia gesi, hufunguliwa na kubadilishwa tabia.

Visahani ni washa nyembamba za chuma cha springi zinazofunika matundu ya pistoni. Mwendo ukiwa wa polepole hubana. Ukiwa wa ghafla hupinda na kufungua njia. Hivyo hutatua lile tatizo la tundu. Unene wake huanzia kama milimita 0.10, na ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu: kisahani kimoja cha 0.20 ni sawa na vinane vya 0.10, na cha 0.15 ni sawa na vitatu na kitu. Kwa hiyo kubadilisha kimoja tu kunahisika.

Kwanza toa gesi, uso ukiwa mbali na vali. Kufungua klipu kukiwa na msukumo ndani kunaweza kukuua. Kisha sukuma kifuniko chini, toa klipu, chomoa fimbo na uibane kwenye jiliwa kwa vipande vya alumini. Nati ya mwisho mara nyingi imegongwa ili isifunguke. Isage kidogo kabla ya kuifungua, la sivyo itachana nyuzi. Visahani vikitoka vitie kwenye waya kwa mpangilio uleule, pima kila kimoja kwa maikromita na uandike. Seti ya kushuka iko upande mmoja wa pistoni, ya kurudi upande wa pili. Kuzichanganya ni rahisi na matokeo yake ni mabaya.

Kwa ukali wa mawe, ondoa au punguza unene wa visahani vikubwa vilivyo karibu na pistoni upande wa kushuka, kimoja kwa wakati. Kama umeweka springi ngumu zaidi, ongeza kimoja upande wa kurudi. Kilicho na mpindo au ukingo ulioliwa hakirudi. Jaza oili nyepesi ya shokapu, 2.5W au 5W kama kitabu kinavyosema, tikisa fimbo taratibu hadi vitone vya hewa viishe, weka pistoni ya gesi kwenye kina chake, kisha jaza naitrojeni, kwa kawaida karibu na bar 10. Mafundi wa AC na friji wanayo mitungi yake. Lazima rigeleta, kile kifaa cha kupunguza msukumo wa mtungi, iwepo. Hewa ya kompresa ina maji. Oksijeni ya mchomeleaji ikikutana na oili hulipuka, na hakuna sababu yoyote ya kuijaribu.

Kwa shokapu za mbele zenye fimbo ya matundu, kinachokaribia kubadili vali ni kupanua matundu ya chini ya fimbo, yale ya kushuka. Tundu la milimita 5 likifanywa 6, upinzani wa oili hushuka hadi karibu nusu. Fanya hivyo pale tu ambapo oili sahihi imeshajaribiwa na bado mbele inagonga mikono, fimbo zote mbili kwa kipimo kimoja, na usafishe ncha za chuma. Tundu dogo la juu ni la kurudi, liache.

Kujaribu

Badilisha kitu kimoja, kisha pita njia ileile kwa mwendo uleule: kipande cha mawe kwa kilomita 20 kwa saa, changarawe kwa 40. Mikono ikigongwa na kila jiwe kwa mwendo mdogo, tafuta msuguano au oili nzito. Mbele ikianza vizuri kisha ikazidi kuwa ngumu kadiri mawe yanavyofuatana, kurudi ni kwa polepole mno: oili nyepesi zaidi. Ikirusha baada ya tuta, kinyume chake. Ikigonga mwisho kwenye shimo moja kubwa tu na kwingine ni nzuri, ongeza zile mililita 5.

Baada ya kilomita 500 hivi, kaza upya bolti za sahani na futa paipu uone kama kuna mstari wa oili. Vumbi likikauka juu ya kromu lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, si kikavu. Mashine ya kuoshea isielekezwe kwenye sili, na pikipiki isiingizwe ziwani: ndoo ya maji pale ufukweni inatosha. Oili ya mbele ibadilishwe kila mwaka kwa pikipiki ya biashara, ikiwezekana baada ya masika, kwa sababu ndiyo miezi ambayo maji huingia.